Usiniambie Lina Kazi Kidogo Tu

Tangazo langu la kwanza lilikuwa na maneno kumi na tano, na manne ya mwisho yalikuwa uongo mtupu: "Peugeot 504 station wagon, 1981, petroli, ya mzee mmoja tangu mpya, inahitaji kazi kidogo tu."

Gari lenyewe lilikuwa juu ya mawe. Wala sisemi kwa lugha ya mtaani, ingawa mwenye gari naye alikuwa juu ya mawe vilevile. Magurudumu ya nyuma hayakuwapo, ekseli imelala juu ya mawe ya kujengea, yale ya matumbawe, uani kwa mama, huku Kisauni, Mombasa, chini ya mwarobaini, mwaka wa tisa. Kuku wanatagia kiti cha tatu. Rejeta niliiuza mwenyewe siku moja nilipoishiwa. Kabureta aliichukua fundi mmoja "kwenda kuisafisha" na ndiyo mara ya mwisho mimi na kabureta kuonana. Basi hiyo ndiyo kazi kidogo.

Wiki tatu simu ililia, na karibu wote walikuwa madalali. Dalali utamjua kwa swali la kwanza. Haulizi injini, haulizi bodi, anauliza "bei ya mwisho ngapi?" kabla hata hajajibu salamu. Mwingine alikuwa muuza chuma chakavu, alifika na mkokoteni na mizani, akazunguka gari mara moja akataja shilingi 35,000. Nikaona nimetukanwa. Leo nikikumbuka, yule ndiye mtu wa kwanza aliyelitazama gari kama lilivyo.

Wa pili alikuwa mtu wa makamo, shati la kazi, mkono mtulivu. Hakutaka kuonyeshwa kitu. Alitoa mfukoni sumaku ya duara, ya spika ya redio ya zamani, ameivisha soksi ya mtoto isije ikakwaruza rangi. Rangi yenyewe ilishaondoka zamani na upepo wa bahari, lakini adabu ile niliipenda. Akachutama karibu na gurudumu la mbele, akaiweka sumaku kwenye bati chini ya mlango. Ikashika. Akasogea shubiri moja, ikashika. Shubiri ya tatu ikaanguka mchangani. Akaiokota, akaipangusa, akairudisha palepale. Ikaanguka tena.

"Puti," alisema. Yaani ile plasta ya kuzibia bati lililooza, ambayo sumaku haiishiki.

Kutoka hapo hadi mlango wa nyuma ilishika mara mbili tu. Halafu akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakitazama juani, akanipa nikishike. Oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Mlikuwa mnatia maji ya bomba?"

Tulikuwa tunatia maji ya bomba. Nani aliyekuwa akinunua kulanti, ile dawa ya kutia kwenye maji ya injini, Mombasa miaka ile? Akanieleza bila kunidharau. Injini hii slivu zake, ile mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, si sehemu ya bloku, yaani mwili wa injini, zinasimama zenyewe ndani ya maji, zimezibwa chini kwa mpira. Bloku ni chuma, kichwa cha injini ni aluminiamu. Ukiweka vyuma viwili hivyo pamoja kwenye maji matupu, miaka yote, aluminiamu italiwa, mipira itachoka, na maji yatatafuta njia ya kwenda kwenye oili.

Nilidhani atataja bei ya kunivunja moyo. Hakutaja bei yoyote. Puti haikumshtua, wala ile chai ya maziwa. Kilichomuudhi alikisema wakati anaivua sumaku soksi yake: "Bwana, ungeniambia, ningekuja na jeki na tochi. Hukuniambia. Sasa sijui kuna nini kingine." Akanywa maji, akakataa soda, akaenda zake. Hakurudi.

Nimelifikiria neno lake kuliko nilivyowahi kulifikiria gari lenyewe. Sisi wauzaji tuna imani kwamba ukificha ubovu utampata mnunuzi. Utampata dalali, maana dalali haamini tangazo la mtu yeyote, atakukata bei hata ukimuuzia gari linalong'aa. Utakayemkosa ni yule yule unayemtaka, mwenye karakana yake, mwenye subira, aliyekwisha kumwambia mkewe kwamba wikendi zake za mwaka ujao zina kazi. Mtu huyo hatafuti gari zima. Gari zima angelinunua zima. Anatafuta ubovu anaoujua, aupigie hesabu, aanze. Ukimwambia "kazi kidogo tu" umemnyima hesabu yake.

Na hiyo "tu" imetapakaa kila tangazo la gari kuukuu. Ni betri tu. Ni gesi ya AC tu. Inawaka ukiisukuma tu. Siku hizi nikiiona nafunga ukurasa.

Najua kwa nini nilidanganya, na haikuwa tamaa peke yake. Ilikuwa ni vigumu kuandika kwamba gari la baba limeoza. Pijo, kama kila mtu alivyoliita, halikuwa gari la mchezo. Lilitoka Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata likachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya, na kwetu Kenya liliunganishwa papa hapa Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Wazee wa Safari Rally watakutajia Ove Andersson alivyoshinda na 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas na ile 504 ya milango miwili, injini ya silinda sita, mwaka 1978, kisha watarudi nyuma zaidi kwenye Pijo 404, iliyoitangulia 504, iliyoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland wa Dar es Salaam. Baba yangu hayo hayakumhusu. Alilinunua kwa sababu lina safu tatu za viti, na kwa sababu nyuma lina springi nne, mbili kila upande, ukipakia gunia la nazi na shangazi wawili bado linaenda kama halijui. Hata zile Pijo za abiria zilizokuwa zikikimbia kati ya Nairobi na Nakuru au Kisumu zilipendwa kwa hilo hilo. Abiria saba, mizigo juu ya paa, na aliyekaa safu ya tatu magoti yanamgusa kidevu.

Lilizaliwa Mombasa, na Mombasa ndiyo iliyolila. Chumvi ya hapa haina rafiki.

Basi nikaandika tangazo la pili. Nilikaa nalo usiku mzima, na nitalinakili kama lilivyo: "Nauza Peugeot 504 station wagon ya 1981. Haiwaki, haijawaka miaka tisa. Injini ya 1,971 cc ipo, inazunguka kwa spana kwa shida, maji yameingia kwenye oili. Rejeta na kabureta hazipo. Magurudumu ya nyuma hayapo. Sakafu upande wa dereva imeoza, ukikaa unaona kuku. Chini ya milango ni puti. Gia ya rivasi ilikuwa haiingii tangu zamani. Vioo vyote vizima, taa zote za nyuma nzima, springi za nyuma zote nne zipo. Nembo ya simba iko kwenye droo ya mama. Njoo na nguo za kuchafuka."

Picha nilitia thelathini na moja, na nyingi ni za kutu. Rafiki yangu mmoja alinipigia kuniuliza kama nimegombana na gari.

Angalia nilivyoweka vioo na taa. Hilo nilifundishwa na makosa yangu mwenyewe. Mtu akivunjavunja gari kuuza vipande, hukimbilia kulinda injini, na vile vidude vidogo anaviacha watoto wavichezee. Ni kinyume. Gasketi, slivu, pistoni za 504 bado zinapatikana, zilitengenezwa zaidi ya milioni 3 duniani na wenzetu wa Nigeria waliziunganisha Kaduna kwa miaka mingi. Lakini kioo cha taa ya nyuma kikipasuka, mkanda wa kromu ukipinda, kishikio cha mlango kikipotea, hapo ndipo mnunuzi anapozunguka nchi nzima. Kama unalo gari la aina hii uani, leo hii chukua gunia, okota kila kidude, funga. Gunia hilo lina bei kuliko injini yenye chai ya maziwa.

Kisha kuna makaratasi, na hapa ndipo wengi wetu tunajidanganya kuliko kwenye puti. Logbook, hati ya umiliki wa gari, ilikuwa kwa jina la baba, na baba alishafariki. Ukiuza hivyo hivyo, kwa kupeana mikono na karatasi ya daftari, umeuza chuma. Mnunuzi anaweza kulifufua mpaka likaimba, na bado hawezi kulihamisha kwa jina lake. Siku moja barabarani akiulizwa la nani, atataja jina la marehemu asiyemjua. Tulikwenda Mahakama ya Kadhi. Haikuchukua siku moja wala mbili, lakini tulitoka na mirathi iliyoandikwa, kila mrithi na fungu lake, na ndipo nikaongeza mstari mmoja kwenye tangazo: "Makaratasi yamekamilika." Simu zilizokuja baada ya mstari ule zilikuwa za watu wengine kabisa.

Bei sasa. Kaka yangu yuko Muscat, na kutoka Muscat mambo yote huonekana rahisi. Alikuwa ameona mtandaoni 504 huko Ulaya, imefufuliwa, inang'aa kama sahani ya harusi, akabadilisha fedha kwa kichwa akasema tusishuke chini ya 600,000. Hoja yake ilikuwa na mantiki yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lililozidi miaka 8, kwa hiyo 504 zilizopo ndizo hizo hizo, hazitaongezeka. Lakini uhaba unamsaidia mwenye gari zima. Mwenye la kufufua anauza haki ya kutumia pesa. Anayelinunua atalipia bati, kuchomelea, rangi, kukereza injini, viti, mipira ya madirisha, na mwishoni atakuwa ametoa zaidi ya thamani ya gari lililokamilika. Analijua hilo. Anafanya kwa mapenzi. Mimi nani nimtoze ushuru wa mapenzi yake, juu ya kumtoza ushuru wa kumbukumbu zangu?

Nikamtumia kaka picha ya sakafu. Alinyamaza siku mbili, akaandika: "Basi uza."

Lilinunuliwa na mwalimu mstaafu wa Voi. Alikuja na jeki, tochi, na mkeka wa kulalia chini ya gari, maana alikuwa amesoma tangazo. Alihesabu springi. Alikaa kwenye kiti cha dereva akawatazama kuku kupitia sakafuni, akacheka peke yake. Aliniambia Voi hakuna chumvi, kutu itasimama pale ilipo mpaka aifikie. Tukapatana 150,000 bila kutajiana bei ya mwisho. Mama thumuni yake 18,750, wanaume 43,750 kila mmoja, dada zangu 21,875 kila mmoja. Kwa utajiri huo nilibadilisha matairi ya pikipiki. Mama alichouliza ni kuku watalala wapi.

Lori lilikuja Jumamosi asubuhi. Mwalimu alileta magurudumu mawili ya kuazima, tukalivuta kwa kamba na vijana sita, na lilipotoka chini ya mwarobaini lilitoa mlio mmoja kwenye ekseli ambao mama alisema anaujua.

Wiki tatu baadaye mwalimu alinipigia. Nilidhani amejuta. Akasema rivasi inaingia, ni kijiti cha gia kilichojipinda, lakini ana swali: "Mwanangu, mfuniko wa tangi la mafuta uko wapi? Hukuandika."

Kweli sikuandika. Niliutafuta uani kutwa nzima, nikaukuta umefunika chombo cha maji ya vifaranga. Nikauosha, nikaufunga kwa gazeti, nikaupeleka ofisi ya basi. Mzigo wa Voi, shilingi 200.