Majibu Yenye Njia: Hoja za Wanaoyaficha na za Wanaoyadai

Katika idara nyingi za vyuo vyetu, mwanafunzi wa takwimu, fedha, sayansi au uprogramu hupewa maswali ya kufanya nje ya darasa, akakusanya karatasi yake wiki inayofuata, na baadaye, akiwa na bahati, akarudishiwa ikiwa na alama 11 kati ya 20 na mstari mwekundu chini ya hesabu aliyokosea. Njia sahihi haonyeshwi. Akienda kuiomba ofisini, huambiwa arudi akasome. Sababu ya mhadhiri inaeleweka: maswali mazuri ni machache na kuyatunga kunachosha, na suluhisho likishatoka mwaka huu, mwakani litakuwa linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na madesa mengine, na asaimenti itakuwa imegeuka zoezi la mwandiko. Hoja hii ina uzito wake, nami nitairudia. Hata hivyo, tabia ya kumhesabu kila anayetafuta suluhisho kuwa mvivu au mwizi imewafanya watu wazima wenye shahada kadhaa wachanganye vitu viwili ambavyo mwalimu yeyote wa hesabu wa shule ya msingi huvitenganisha anapoandika ubaoni "onyesha njia": jibu tupu, na jibu lenye njia.

Mwaka 1985, watafiti wawili wa elimu wa Australia, John Sweller na Graham Cooper, walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu ujifunzaji wa aljebra. Kundi moja la wanafunzi lilipewa milinganyo ya kutatua lenyewe. Lingine lilipewa milinganyo iliyokwisha kutatuliwa hatua kwa hatua ili liisome, kisha likajaribu inayofanana nayo. Kundi la pili lilitumia muda mfupi zaidi kujifunza na, lilipopimwa kwa maswali yanayofanana na yale, lilifanya haraka zaidi na kukosea mara chache zaidi. Maelezo ya Sweller ni kwamba anayeanza, anapohangaika na swali asilolijua, akili yake hujaa kazi ya kukumbuka anakotaka kufika, alipo sasa na umbali uliobaki, kiasi kwamba haibaki nafasi ya kushika muundo wa swali lenyewe. Anaweza hata kulipata jibu kwa kubahatisha, akatoka bila kujua alipitia wapi. Matokeo haya yamerudiwa mara nyingi tangu wakati huo, ingawa wanaopenda kuyanukuu husahau kwamba faida ilionekana kwa maswali yanayofanana, si kwa kila swali litakalokuja.

Tuchukue swali la kawaida la mwaka wa kwanza wa fedha. Benki inatoa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayoongezwa kila mwezi. Ni kiasi gani kiwekwe leo ili baada ya miaka 3 kipatikane shilingi 1,000,000? Mwanafunzi anagawanya milioni kwa 1.12 mara tatu na kupata shilingi 711,780. Kikokotoo hakijalalamika, fomula ameikumbuka, desimali amezipanga vizuri. Anaporudishiwa karatasi iliyowekwa alama ya kosa, au anapochungulia nyuma ya kitabu na kuona 698,925, anachojua ni kwamba kuna shilingi 12,855 zilizopotea mahali fulani. Wengi hapo huanza kubofya upya wakidhani wamekosea kidole. Suluhisho lenye njia lingemwonyesha kwa mstari mmoja kwamba riba ikiongezwa kila mwezi, asilimia 12 hugawanywa kwa miezi 12 ikawa asilimia 1, na miaka 3 huwa vipindi 36, kwa hiyo tunagawanya kwa 1.01 mara thelathini na sita. Mstari huo mmoja ndio somo lenyewe. Anayemnyima mwanafunzi mstari huo kwa kuogopa atanakili, anamnyima kile alichokuja kusomea, na anamwachia namba ambayo kweli haina kazi nyingine ila kunakiliwa.

Si kila somo lina uhitaji huu kwa kiwango kimoja, na hapa mjadala wetu huwa wa jumla mno. Katika uprogramu, mashine yenyewe ni mwalimu mkali: ukiandika kwa lugha ya Python kitanzi, yaani amri inayojirudia, cha kujumlisha namba kutoka 1 hadi 100 ukasahau kwamba lugha hiyo huishia kabla ya kikomo ulichotaja, utapata 4,950 badala ya 5,050, na kwa kuwa jumla hiyo unaweza kuihakiki kwa karatasi, utaitafuta kasoro mpaka uione. Mateso ya kuitafuta ni sehemu ya ufundi. Nakubaliana kabisa na wahadhiri wa uprogramu wanaochelewesha masuluhisho, tena kwa siku nyingi. Katika kemia kuna ulinzi wa vipimo: aliyeyeyusha gramu 40 za sodiamu haidroksaidi katika lita moja, akaweka gramu mahali pa moli (kipimo cha wanakemia cha wingi wa chembe) na kuandika kwamba mchanganyiko una moli 40 badala ya 1, atashtuliwa na namba yake mwenyewe ikiwa amewahi kuingia maabara. Takwimu haina huruma hiyo. Chukua wagonjwa 10 waliopimwa shinikizo la damu kabla ya dawa na baada ya dawa. Mwanafunzi akiingiza vipimo hivyo kwenye kompyuta kama makundi mawili ya watu tofauti, badala ya jozi za mtu yuleyule, programu itatoa thamani ya p, namba inayosaidia kupima kama tofauti iliyoonekana inaweza kuwa ya bahati tu, nadhifu yenye tarakimu tatu, haitatoa onyo lolote, na huenda ikamfanya atangaze kwamba dawa haikusaidia ilhali ilisaidia. Hakuna kitu katika jibu hilo kinachoonyesha kwamba ni baya. Mwanafunzi wa takwimu asiyeonyeshwa suluhisho lenye njia, lenye maelezo ya kwa nini jaribio hili na si lile, anaweza kukosea hivyohivyo mpaka siku anapoandika ripoti ya wizara.

Wanaopinga wana namba yao, na ni namba nzito. Arnold Glass na Mengxue Kang wa Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, walifuatilia kwa miaka 11 wanafunzi 2,433 wa madarasa ya mihadhara. Kwa kawaida, aliyelijibu swali nyumbani hutarajiwa kulijibu vizuri zaidi linapokuja kwenye mtihani, kwa kuwa amelifanyia kazi na kuliona jibu sahihi. Mwaka 2008, ni asilimia 14 tu ya wanafunzi ambao hawakufaidika hivyo, yaani walifanya vibaya zaidi kwenye mtihani kuliko walivyofanya nyumbani. Mwaka 2017 waliofikia hali hiyo walikuwa asilimia 55. Watafiti walipowauliza wanafunzi wa miaka ya mwisho ya utafiti huo wanapataje majibu yao, waliosema wanayachukua kwingine, hasa mtandaoni, ndio walioanguka. Waliojitungia jibu kwanza waliendelea kufaidika.

Nimeitazama namba hii kwa muda mrefu, na siwezi kuipuuza kwa urahisi ambao watetezi wenzangu wa masuluhisho huipuuza. Mtu anaweza kusema kwamba wanaonakili ni walewale ambao bila majibu wangeacha nafasi wazi, kwa hiyo hawakupoteza kitu. Lakini kama ndivyo, mwaka 2008 nao wangekuwepo, na wakati huo walikuwa 14 katika mia. Hakuna sababu ya kuamini kwamba ndani ya miaka tisa vijana wa New Jersey walizaliwa upya wakiwa wazito wa kichwa. Kilichobadilika ni simu mfukoni, na wepesi wa kupata jibu kabla ya kuumiza kichwa. Hapo wahadhiri wetu wana haki yao yote.

Lakini tuisome namba hiyo mpaka mwisho. Mwaka huohuo wa 2017, kwa intaneti ileile na simu zilezile, asilimia 45 walifaidika. Kilichowatenganisha na wenzao si kwamba wao hawakuyaona majibu, maana majibu sahihi waliyaona wote. Ni kwamba waliyaona baada ya kujaribu. Kwa maoni yangu, huu ni ushahidi dhidi ya mpangilio mbaya wa wakati, wala si dhidi ya suluhisho. Tena jibu la kunakiliwa lililopimwa pale ni jibu la swali moja moja fupi. Linatuambia machache kuhusu mwanafunzi aliyekaa na ukurasa mzima wa njia akijiuliza mstari wa tatu umetoka wapi. Huyo alichunguzwa mapema zaidi, mwaka 1989, na mwanasaikolojia Michelene Chi na wenzake, waliowasikiliza wanafunzi wakisoma mifano ya fizikia iliyotatuliwa huku wakisema kwa sauti wanachofikiri. Waliokuja kufanya vizuri ndio waliosimama kila mara kujieleza sababu ya hatua, na ndio waliotambua mara nyingi zaidi mahali ambapo hawajaelewa. Waliokuja kufanya vibaya waliupitia mfano uleule wakiridhika kwamba wameelewa. Suluhisho ni moja, wasomaji wawili, na kazi ya mhadhiri ni kumvuta wa pili awe kama wa kwanza, kazi ambayo haifanyiki kwa kufungia karatasi kabatini.

Kuna jambo jingine ambalo upande wangu hauna budi kulikubali. Mtafiti Slava Kalyuga, akiwa pamoja na Sweller na wengine, alionyesha kwamba suluhisho lenye hatua zote, linalomsaidia sana mgeni wa somo, humchelewesha aliyekwisha kulielewa. Huyu wa pili hufaidika zaidi akiachwa atatue mwenyewe. Kwa hiyo wanafunzi wanaotaka masuluhisho kamili mpaka mwaka wa tatu wanajidhuru. Utaratibu unaofaa ni kupunguza hatua kidogo kidogo: mfano wa kwanza umekamilika, wa pili unakosa mstari wa mwisho, wa tatu unakosa miwili, mpaka mwanafunzi abaki na swali peke yake. Inashangaza kwamba vitabu vyetu vya sekondari vina mifano mingi kuliko asaimenti za mwaka wa kwanza chuoni, kana kwamba mtu hukomaa akiwa kwenye basi la kwenda chuo.

Vyuo vilipoziba mlango, wengine waliufungua na kuweka kiingilio. Kampuni ya Chegg ya California ilinawiri kwa ada ya mwezi ya dola zisizozidi 20 kwa masuluhisho ya maswali ya vitabu, na hisa zake zilivuka dola 110 mwaka 2021, kabla ya kupoteza karibu nusu ya bei kwa siku moja mwezi Mei 2023 ilipokiri kwamba ChatGPT inawachukua wateja. Nairobi nako, wahitimu wengi wasio na ajira wamekuwa wakiwafanyia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za takwimu na fedha kwa malipo, mpaka Uingereza ikatunga sheria mwaka 2022 ya kulifanya kosa la jinai kuuza huduma hiyo kwa wanafunzi wa England. Mwenye kuonewa wivu katika biashara hiyo, kwa upande wa elimu walau, ni kijana wa Nairobi: alama zilikwenda ng'ambo, ujuzi ukabaki kwake. Sasa akili mnemba inatoa njia nzima ya swali lolote la mwaka wa kwanza bure, na mara nyingine inaitoa kwa ufasaha ikiwa na kosa katikati. Mhadhiri anayeficha suluhisho lake leo hamzuii mwanafunzi kupata suluhisho. Anamzuia kupata lile lililo sahihi.

Kinachobaki ni suala la alama, ambalo ndilo kiini cha ugomvi wote. Katika vyuo vingi vya Tanzania kazi za muhula hubeba alama 40 kati ya 100, na Kenya kwa kawaida 30, na sehemu ya alama hizo hutoka kwenye asaimenti ambayo hakuna aliyemwona mwanafunzi akiifanya. Anayeogopa sapu, yaani mtihani wa kurudia, mwenye asaimenti nne zinazokusanywa Ijumaa moja, atanakili, na kumhubiria uaminifu hakupunguzi asaimenti hizo. Ikiwa asaimenti yenye alama 20 ingepewa 5 kwa kukusanywa, suluhisho lenye njia likatoka jioni ileile watu wakiwa bado na swali kichwani, kisha alama 15 zikatolewa kwa jaribio la dakika ishirini darasani wiki inayofuata, lenye swali moja la aina ileile lililobadilishwa hali na si namba tu, riba iongezwe kila robo mwaka badala ya kila mwezi, basi aliyenakili bila kusoma angejulikana, na aliyesoma suluhisho usiku mzima angelipwa kwa kile hasa tunachotaka afanye.

Wahadhiri wenye madarasa ya wanafunzi mia nne watasema hawana wasaidizi wa kusahihisha, na ni kweli hawana. Lakini swali moja la nusu ukurasa husahihishwa kwa muda mfupi kuliko asaimenti ya kurasa nne ambayo nyingi zake zimefanana mpaka kwenye makosa. Ugumu ninaouona mimi uko kwingine, kwa wanaosoma wakiwa mbali, kama wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania walioko Kigoma au Mtwara wakiwa kazini. Hao ndio wanaolihitaji suluhisho lenye njia kuliko mtu yeyote, kwa kuwa hawana jirani wa kumuuliza bwenini, na ndio ambao jaribio la dakika ishirini la kila wiki haliwezi kuwafikia bila vituo vya mikoani kupewa watumishi na ratiba ya kulisimamia.