Nyumba ya Urithi, Udongo Juu Yangu

Nani huyo anayewaambia watu kwamba nyumba za zamani zinalindwa? Mimi naishi ndani ya moja hapa Ujiji, na mlinzi wake ni mimi, na ndoo yangu ya udongo.

Sheria ipo, sikatai. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Alinifafanulia bwana mmoja wa miwani, kakaa barazani kwangu, anakunywa kahawa yangu: jengo likiwa la kabla ya 1863 linahesabiwa mambo ya kale lenyewe tu; la baada ya hapo mpaka waziri alitangaze. Sasa marehemu babu yake babu alijenga Wajerumani wameshaingia nchini. Mzee kachelewa kukandika, mjukuu ndiye analipa. Yule bwana akamaliza kikombe, akasema nyumba yangu ni ya thamani sana, akaomba ya pili.

Waliobahatika mtaani kwetu ni wageni wawili. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa hapa Ujiji, wakasalimiana. Kwa salamu ile wamewekewa mnara, makumbusho, na masanamu yao wawili wamesimama kama wanangoja kupigwa picha ya harusi. Hata mwembe waliokutania, ulipokufa uliacha watoto, na watoto wake wana uzio. Mimi nimewaamkia wazee wa mtaa huu shikamoo tangu sijaota meno ya pili, hakuna aliyeniwekea hata tofali.

Na mnajua huyo Livingstone alikuwa na hali gani? Kafika anaumwa, kakuta bidhaa zake zote zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa azitunze. Yaani alikuwa Mswahili mwenzetu kabisa: mgonjwa, hana kitu, kadhulumiwa.

Halafu kuna hii njia ya misafara, Ujiji mpaka Bagamoyo. Si njia ya kuchezea ngoma. Watu walipitishwa humo wamefungwa minyororo, wengine hawakufika. Kwa hiyo nikasikia UNESCO wanaijua, nikafurahi. Kumbe imo kwenye orodha ya kusubiri kuingia urithi wa dunia, tangu 2006. Kusubiri tu hata mimi najua. Ukuta wangu wa nyuma nao unasubiri.

Ukitaka ukweli, kilichozitunza nyumba za Ujiji ni ukata. Reli ilipofika mwaka 1914 ikaenda kuishia Kigoma, bandarini, na biashara ikaifuata huko huko. Wenye nguvu zao wakahama, Wamanyema wengi wakaenda kutafuta maisha Dar es Salaam, sisi tuliobaki hatukuwa na hela ya kubomoa. Siku tukizipata, mtatafuta Ujiji kwenye picha.

Mwaka juzi mafundi walinishauri nipige plasta ya sementi nje, eti nyumba ipate heshima. Nikawakatalia, wakaniona bahili. Jirani akakubali. Ilipendeza, jamani, tuliipita tukiitazama kwa husuda! Sasa ukuta wa udongo unanyonya maji kutoka chini na unayatoa nje wenyewe ukiachwa wazi. Ukiuvika sementi, maji yanabaki ndani. Masika yalipokolea, plasta ikavimba, ikapasuka karibu na dirisha, ikadondoka kipande kizima cha kimo cha mtoto, na udongo wa ukuta umeng'ang'ania nyuma yake. Fito zikabaki nje, zinatazama barabara. Fundi yule yule kaitwa kurekebisha. Kaja na sementi.

Mimi naendelea na udongo. Lakini udongo nao siku hizi una bei! Zamani unachimba nyuma ya nyumba. Leo nyuma ya nyumba kuna nyumba. Unaagiza kwa toroli, kijana anakuletea nusu mchanga, nyasi za kuchanganyia anakuuliza wewe utazitoa wapi.

Tena usinitajie mlango. Mlango wangu ni wa mbao mbili, una mfaa, ule ubao wa katikati, uliochongwa maua, mchwa wameshakula ua la chini kabisa na kuruka la pili, sijui halikuwa na chumvi. Kuna mtu anakuja kuuulizia, anaupapasa kama mchumba. Anasema ataniachia mpya wa chuma pamoja na kufuli. Mke wangu anasikiliza upande wa kufuli. Anasema mlango wa chuma unafungwa na mtu mmoja, huu wa urithi kila jioni mpaka tumwite mpangaji atie bega.

Na siwezi kuuza hata nikitaka, kwa sababu nyumba ni ya ukoo. Warithi wapo Dar, wapo Bujumbura, wengine nawajua kwa sauti tu. Nikaweka picha ya ukuta wa nyuma kwenye kundi letu la WhatsApp, nikaandika hali halisi na namba yangu ya simu ya kutumiwa hela. Mioyo ikamiminika. Shangazi kaandika, "Msithubutu kuigusa nyumba ya baba." Binamu kaandika, "Huo ndio utambulisho wetu." Mmoja kauliza kama vyumba vya uani vina wapangaji, na kodi inakwenda wapi.

Huyo sijamjibu bado.