Jina la chuo na uzito wa deni: kuchagua kati ya nafasi mbili za udaktari Marekani

Ifikapo Aprili kila mwaka, waombaji wa masomo ya udaktari nchini Marekani waliopata nafasi zaidi ya moja hulazimika kufanya uamuzi. Kwa utaratibu wa AAMC, chama kinachounganisha vyuo vya tiba vya nchi hiyo, mwombaji anatakiwa awe amebakiwa na nafasi zisizozidi tatu kufikia tarehe 15 Aprili, na kufikia tarehe 30 awe na moja tu. Chini ya nusu ya waombaji hupata hata nafasi moja, kwa hiyo mwenye mbili ana bahati kubwa. Hata hivyo, wiki hizo za mwisho huwa ngumu, na kwa wengi mvutano ni uleule: kuna chuo chenye jina kubwa kinachodai fedha nyingi, na kuna chuo kisichovuma sana, mara nyingi cha jimbo analotoka mwanafunzi, ambacho kitamwacha na deni dogo au kimemtengea ufadhili wa kutosha.

Katika mvutano huo anayeegemea chuo cha pili hueleweka vibaya. Huambiwa kwamba anajishusha, kwamba amepigania nafasi kwa miaka kisha anaiacha iende, kwamba fedha zitarudi lakini jina halirudi. Hoja yake huchukuliwa kuwa ya mtu mwoga, wakati mara nyingi ndiye aliyekaa chini na kufanya hesabu. Sisemi kwamba chuo chenye jina hakina faida. Ninachosema ni kwamba faida hiyo hukuzwa kupita kiasi, na deni hupunguzwa uzito kwa sababu ni tarakimu zilizoandikwa kwenye karatasi ambazo hazijaanza kuuma.

Upande wa chuo chenye jina usikilizwe kwanza, maana una hoja nzito. Mtihani wa Step 1, wa kwanza katika mitihani ya leseni ya udaktari Marekani (USMLE), ambao kwa miaka mingi ulimwezesha mwanafunzi wa chuo chochote kujipambanua kwa alama zake, tangu Januari 2022 hutoa jibu la kufaulu au kufeli tu. Kipimo hicho kilipoondoka, hospitali zinazochagua wahitimu kwa mafunzo ya ubingwa zilibakiwa na vigezo vichache vya kulinganisha watu: alama za Step 2, yaani mtihani unaofuata, tafiti alizoshiriki mwombaji, barua za mapendekezo, na chuo alikotoka. Kwa anayetaka fani zenye ushindani mkali, kama upasuaji wa ubongo, magonjwa ya ngozi au upasuaji wa mifupa, kusoma katika chuo ambacho hospitali yake ina idara kamili ya fani hiyo kuna maana kubwa. Atawajua wakufunzi tangu mwaka wa kwanza, ataingizwa katika utafiti unaoendelea, na barua yake itaandikwa na mtu ambaye wenzake wa fani wanamfahamu. Anayekusudia maisha ya utafiti na ualimu wa chuo kikuu naye anahitaji maabara, fedha za utafiti na walezi ambao hawapatikani kila mahali. Haya yote ni kweli, na mwanafunzi ambaye tayari ana ushahidi wa kutosha kwamba huko ndiko anakoelekea ana haki ya kuyalipia.

Tatizo huanza pale hoja hiyo ya watu wachache inapofanywa kuwa hoja ya wote. Vyuo vyote vinavyotoa shahada ya udaktari ya M.D. nchini Marekani hukaguliwa na chombo kimoja, LCME. Wahitimu wa vyuo hivyo hufanya mitihani ileile na hupewa leseni ileile. Katika mfumo wa taifa wa kuwapangia wahitimu hospitali za ubingwa, NRMP, takriban asilimia 93 ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo hivyo vyote kwa ujumla wake hupata nafasi. Mtu akitaka kuwa daktari wa watoto, wa magonjwa ya ndani, wa familia au wa akili, chuo cha jimbo lake kinamfikisha. Tena, tunapoambiwa kwamba wahitimu wa chuo fulani maarufu wamejaa katika hospitali kubwa, tukumbuke kwamba chuo hicho kilichagua tangu mwanzo vijana waliokuwa na alama za juu na tafiti mkononi. Sehemu ya matokeo hayo ni yao wenyewe, na wangekwenda nayo hata kama wangesoma kwingine.

Orodha za ubora nazo zimepoteza sehemu kubwa ya mamlaka yake. Januari 2023 chuo cha tiba cha Harvard kilitangaza kwamba hakitapeleka tena takwimu zake kwa U.S. News, gazeti linalotoa orodha hizo, vingine vikafuata, na mwaka 2024 gazeti hilo likaacha kuvipanga vyuo vya tiba kwa namba moja moja na kuanza kuviweka katika makundi. Mzazi anayesisitiza kwamba chuo hiki ni cha tisa na kile ni cha arobaini anatumia kipimo ambacho hata gazeti lenyewe limekiweka kando.

Sasa tuje kwenye deni, ambalo ndilo linalonifanya niandike. Wahitimu wa udaktari wanaokopa humaliza wakidaiwa takriban dola 200,000, ukichukua yule wa katikati. Kiasi hicho hutajwa sana, na kwa kuwa hutajwa sana watu wamekizoea. Kisichotajwa ni kinachotokea baada yake. Tangu Julai 2012 serikali kuu haimlipii tena mwanafunzi wa shahada za juu riba ya mkopo wake akiwa masomoni. Riba huanza kuhesabiwa siku fedha zinapotolewa. Chukua mwanafunzi anayekopa dola 50,000 mwanzoni mwa kila mwaka kwa miaka minne, kwa asilimia 7.94, ambayo ndiyo riba ya mikopo ya kawaida ya serikali kwa shahada za juu katika mwaka wa masomo wa 2025/26. Mkopo wa mwaka wa kwanza utazaa riba kwa miaka minne, wa pili kwa mitatu, wa tatu kwa miwili, wa nne kwa mmoja. Siku anapovaa joho riba peke yake imekaribia dola 40,000, na bado hajamtibu mgonjwa hata mmoja kwa leseni yake.

Kisha huanza mafunzo ya ubingwa, ambayo huchukua miaka mitatu kwa daktari wa familia na saba kwa mpasuaji wa ubongo. Kwenye deni lile la msingi, riba ya mwaka mmoja ni dola 15,880. Mshahara wa daktari aliye kwenye mafunzo hayo ni wa kumwezesha kupanga nyumba na kula. Wengi huahirisha malipo au hulipa kiasi kidogo kinachopangwa kulingana na kipato. Akiahirisha kabisa kwa miaka mitatu, na hata tukichukulia kwamba riba haizai riba nyingine, atafika kwenye mshahara wake wa kwanza wa daktari kamili akidaiwa zaidi ya dola 287,000. Mwenzake aliyekopa nusu ya kiasi hicho katika chuo cha jimbo atakuwa anadaiwa kama dola 144,000. Ukiwauliza siku ya kuchagua chuo, wote wawili wangekwambia kwamba tofauti kati yao ilikuwa dola 100,000.

Jibu la kawaida ni kwamba daktari hukosa kazi kwa nadra, na atalipa tu. Ni kweli, wengi sana hulipa. Upo pia msamaha wa PSLF, ulioanzishwa mwaka 2007, unaomfutia deni lililobaki mtu aliyefanya malipo 120 akiwa mwajiriwa wa serikali au wa taasisi isiyo ya faida, na hospitali nyingi za mafunzo zimo katika kundi hilo, hivyo miaka ya ubingwa nayo huhesabiwa iwapo analipa. Kwa mtu mwenye uhakika wa kubaki katika ajira ya namna hiyo, uzito wa deni hupungua sana, na nakubali kwamba hesabu yangu ya juu humwogofya kupita inavyostahili.

Lakini anayekopa leo anaegemea sheria za miaka kumi ijayo. SAVE, mpango wa serikali wa kulipa mkopo kulingana na kipato, ulianzishwa mwaka 2023, na mwaka uliofuata mahakama zilikuwa zimeusimamisha. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inaufuta Grad PLUS, mkopo wa serikali uliomruhusu mwanafunzi wa shahada za juu kukopa hadi gharama kamili za masomo, kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na kuweka ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla kwa masomo ya taaluma kama udaktari. Gharama kamili za mwaka katika vyuo vingi vya binafsi, ukijumlisha ada, makazi na bima, zinapita kwa mbali ukomo huo. Pengo litazibwa na familia au na benki, na mkopo wa benki haumo katika msamaha wa PSLF. Kwa hiyo chaguo la chuo ghali limekuwa zito zaidi kuliko lilivyokuwa kwa waliotangulia, na ushauri wa daktari aliyehitimu miaka kumi na tano iliyopita, hata ukitolewa kwa nia njema, unahusu mikopo ya aina nyingine.

Wala isidhaniwe kwamba chuo maarufu ndicho ghali siku zote. NYU kilifuta ada kwa wanafunzi wake wote wa udaktari mwaka 2018. Albert Einstein huko Bronx kilifanya vivyo hivyo mwaka 2024 baada ya Ruth Gottesman kukipa dola bilioni moja. Ndiyo maana kila barua ya msaada wa fedha isomwe mstari kwa mstari. Ziko barua ambazo ufadhili na mkopo hupangwa katika safu moja, na chini pakaandikwa jumla inayofanana kabisa na gharama za mwaka, kana kwamba kila kitu kimeshalipwa. Mwanafunzi achukue kalamu, akate kila mstari wenye neno mkopo, kisha ajumlishe upya. Jumla hiyo mpya ndiyo ailinganishe kati ya vyuo.

Mambo mengine huulizwa kwa wanafunzi wa mwaka wa nne kuliko kwa ofisi ya udahili. Chuo kinaweza kusema kwamba miaka ya mwanzo haina alama, ni kufaulu au kufeli, huku barua ya mkuu wa chuo inayokwenda hospitalini ikimtaja mhitimu yumo katika robo ipi ya darasa lake. Pia iulizwe wodi za mafunzo ziko wapi, maana wapo wanaohama mji kwa mwaka mzima.

Kwangu mimi, chuo ghali kinastahili pale tu mwanafunzi anapoweza kutaja fani, idara na aina ya kazi anayoifuata, na akaonyesha kwamba chuo cha bei nafuu hakina mambo hayo. Akishindwa kuyataja, kinachobaki ni jina. Na kabla hajaacha chochote, aiandikie ofisi ya fedha ya chuo anachokipenda, aambatanishe barua ya chuo cha pili, na aombe wapitie upya kiwango cha ufadhili. Ombi hilo ni la kawaida, na liende mapema Aprili wakati bado kuna fedha za kugawa.