Kamera 27 na neno la mzee

Juzi asubuhi, kijiweni tunaponywea kahawa karibu na Soko Kuu hapa Arusha, redio ilikuwa ikisoma habari za nyuklia ya Iran. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akatua kikombe chini, akasema, "Mwanangu, karatasi haijawahi kuzuia bomu." Watu wakaitikia. Mimi nilinyamaza, ila neno lile limenikaa.

Mzee ana hoja, na sisi wa Arusha tunaijua kuliko wengi. Agosti 1993 Wanyarwanda walitia saini mkataba wa amani katika mji huu huu. Aprili iliyofuata mauaji ya kimbari yakaanza. Kwenye nyuklia yenyewe kuna Ukraine. Mwaka 1994 ilikubali kusalimisha silaha zilizobaki kwenye ardhi yake baada ya Sovieti kuvunjika, nazo Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kuheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikaitwaa Crimea.

Hata hivyo, mimi bado nasimama upande wa mazungumzo, kwa sababu mkataba wa nyuklia wa Julai 2015 kati ya Iran na mataifa makubwa, Marekani ikiwemo, haukuwa karatasi tupu. Urani, madini ya nyuklia, isirutubishwe (yaani isiongezewe nguvu ya kuikaribia ile ya bomu) kupita asilimia 3.67, akiba isizidi kilo 300, na wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki waingie, wapime, wapige lakiri, wafunge kamera. Wakaguzi hao walithibitisha mara kwa mara kwamba Iran inatimiza. Aliyejitoa kwanza ni Marekani, Mei 2018. Kufikia 2021 Iran ilikuwa ikirutubisha hadi asilimia 60. Juni 2022 ikang'oa kamera 27. Juni 2025 mitambo ikapigwa mabomu, kisha shirika likakiri kwamba haliwezi tena kuthibitisha akiba ile ya urani iko wapi. Zamani ilikuwa ikihesabiwa kwa kilo!

Faida nyingine ya shirika hilo la wakaguzi iko karibu nasi. Mbung'o walitokomezwa Unguja miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika hilo hilo: madume waliofugwa Tanga waligumbishwa kwa mionzi, wakaachiwa kutoka angani. Ng'ombe wa watu wakapona.

Kinachoniuma ni dhuluma iliyomo. Mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, ulioanza kazi 1970, unawataka wenye mabomu nao wajadili kwa nia njema kuyaondoa. Afrika Kusini iliyavunja sita yake yenyewe. Wakubwa watano, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, bado wanayo.

Jana nikamweleza mzee habari za kamera. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na hao wakubwa, nani anawakagua?" Nikamjibu kwamba Marekani na Urusi zilikuwa zikikaguana zenyewe kwa mkataba wao, na kwamba ukaguzi huo ulisimama Machi 2020, haukurudi tena.