Kocha na Swali la Mguu wa Pili

Tangu Harambee Stars watolewe na Madagascar kwa penalti kwenye robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, Agosti 2025 pale Kasarani, barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, kuna ubishi mmoja usiokwisha: je, kocha mzuri ni lazima awe amecheza? Mwenzetu mmoja ashikilia kwamba Benni McCarthy ndiye kocha tuliyekuwa tukimngoja miaka yote, kwa sababu amecheza. Mtu aliyeifungia Afrika Kusini mabao 31, akabeba Kombe la Mabingwa wa Ulaya na Porto mwaka 2004, akimwambia mshambulizi wa Ligi Kuu ya Kenya asimame hapa, atasimama. Tena ushahidi anao mkononi: DR Congo tuliwafunga 1-0, Morocco 1-0, Zambia 1-0, kundi tukaliongoza kwa pointi 10, na hao Morocco ndio walioishia kuchukua kombe. Mzee mmoja akaweka kikombe cha kahawa chini, akauliza: na hiyo Porto ya 2004, kocha wake alikuwa nani?

Alikuwa José Mourinho, ambaye uchezaji wake hauna la kusimuliwa. Kwenye soka kubwa aliingia akiwa mkalimani wa kocha Mwingereza Bobby Robson, akamfuata kutoka Ureno hadi Barcelona, akisikiliza na kuandika. Yaani medali ile tunayomheshimia McCarthy aliipata chini ya mtu ambaye, kwa kipimo cha baraza letu, hakustahili kumwelekeza.

Hata hivyo sitaki kuitupa hoja ya waliocheza, kwa sababu ina uzito wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kuna mambo ambayo huwezi kuyasoma: kutolewa dakika ya 30 mbele ya watu wa mtaa wako, kucheza huku goti lauma na mkataba waisha mwezi ujao, kuikosa penalti kisha ukapanda matatu na mashabiki wale wale. Mchezaji akijua kocha wake ameyapitia hayo, humfungulia masikio siku ya kwanza. Asiyecheza hulazimika kuyatafuta masikio hayo, na timu ikipoteza mechi tatu za mwanzo huenda asiyapate kabisa. Utafiti nao upo. Amanda Goodall, Lawrence Kahn na Andrew Oswald waliichunguza ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2011 makocha waliowahi kuwa wachezaji nyota walielekea kushinda zaidi. Ni kikapu, si kandanda, lakini si jambo la kupuuza.

Tatizo langu ni hesabu tunayoipiga tukilinganisha. Nyota akistaafu, mlango hufunguliwa kabla hajabisha. Andrea Pirlo alikabidhiwa Juventus Agosti 2020 bila kuwahi kuongoza timu ya wakubwa hata mechi moja; timu iliyokuwa imechukua ubingwa wa Italia mara tisa mfululizo ikamaliza ya nne, na ingawa alibeba Kombe la Italia, kazi ikamponyoka. Arrigo Sacchi, aliyekuwa muuza viatu na hakuwahi kucheza soka ya kulipwa, ilibidi aifunge Milan yenyewe akiwa na Parma ya daraja la pili ndipo Milan wamwone. Walimchukua 1987, na katika 1989 na 1990 wakawa mabingwa wa Ulaya. Kwa hivyo tukisema "mbona asiyecheza Fulani alifaulu", tunamtaja aliyepenya kwenye tundu la sindano. Na tukisema "makocha wengi wakubwa walicheza", tunasahau ni nani aliyepewa nafasi ya kujaribu. Hesabu zote mbili zina shimo.

Nani alikuwa kiungo wa Sacchi katika vikombe vile viwili? Carlo Ancelotti. Alipostaafu akawa msaidizi wa Sacchi huyo huyo katika timu ya taifa ya Italia, Kombe la Dunia 1994, ndipo akaenda Reggiana ndogo. Leo amebeba Kombe la Mabingwa mara tano akiwa kocha. Ukiuliza kilichomfanya Ancelotti, miguu yake au ile miaka aliyoketi karibu na muuza viatu, mimi naiegemea miaka ile. Zidane naye alikuwa msaidizi wa Ancelotti pale Real Madrid, kisha akafundisha kikosi cha akiba, kabla ya kulibeba kombe hilo 2016, 2017 na 2018. Xabi Alonso alikaa miaka mitatu na timu ya akiba ya Real Sociedad. Leverkusen yake ikawa bingwa wa Ujerumani 2024 bila kupoteza mechi ya ligi. Wote watatu walicheza kiungo, mahali ambapo mtu hulazimika kugeuza shingo kila sekunde kujua nani yuko wapi, na sidhani ni sadfa. Lakini hata wao walirudi darasani. Maradona, ambaye hakuna aliyemzidi kwa mpira mguuni, aliipeleka Argentina Kombe la Dunia 2010 na Ujerumani wakamfunga 4-0.

Kilichonifanya niandike, lakini, si Ulaya. Ni kiwanja kimoja cha mchanga kule Likoni nilikokaa jioni mbili nikitazama watoto wa miaka 13 wakifanya mazoezi. Kocha wao alikuwa winga hodari enzi zake, na bado mguu anao. Alipiga krosi, mpira ukapinda ukashukia sehemu ya penalti kama umewekwa kwa mkono. "Fanyeni hivi." Watoto wakajaribu, mipira ikaenda nyuma ya goli. Akarudia, safi vile vile. "Hivi, si hivyo!" Mara ya tatu mtoto mmoja mwenye jezi ya mtumba iliyomfika magotini akauliza, "Kocha, mguu wa pili nauweka wapi?" Yule winga akatazama chini mguu wake wa kushoto, akanyamaza. Miaka yote aliyocheza, mguu ule ulikwenda wenyewe.

Aliyekuwa akimsaidia ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye hajawahi kucheza timu yoyote. Akachukua chupa ya plastiki iliyojaa mchanga, akaiweka kando ya mpira: mguu wa pili utue hapa. Kisha akauondoa mpira, akawatembeza watoto pole pole, wakihesabu kwa sauti: moja, mbili, weka, piga. Kabla ya Maghrib krosi kadhaa zilikuwa zinaingia ndani ya boksi.

Jioni ya pili walicheza mechi, na hapo winga akanionyesha upande wa pili. Dakika ya tano tu alimwita mshambulizi wake pembeni: "Yule beki atazama mpira, mtu hamtazami. Mpira ukienda upande ule, wewe pita nyuma yake." Ticha hakuwa ameliona hilo, wala mimi. Mtoto akapita nyuma, akabaki na kipa peke yake.

Kamati ya timu ile ilikuwa imeshamwambia ticha abaki na daftari la majina na maji ya kunywa, maana "hajacheza". Hilo liliniuma, na bado laniuma. Kigezo cha kucheza tukikitumia kama ufunguo wa mlango, karibu wanawake wote na walimu wengi wa Pwani wanafungiwa nje, na watoto ndio wanaokosa chupa ya mchanga.

Bandari, timu yetu ya Mombasa, walifanya vyema na Bernard Mwalala, mshambulizi wa zamani wa Harambee Stars na Yanga: wa pili katika ligi ya 2018-19, na Ngao ya 2019, kombe la mtoano la Kenya, ikaja Mombasa. Watu husema alifaulu kwa kuwa alikuwa straika. Alikuwa, ndiyo, lakini kabla ya kuja Bandari alikuwa ameifundisha Nzoia Sugar, na kazi ile aliifanyia mbali na macho yetu.

Kamati ile ya Likoni wakiniuliza, ningewapa jibu lisilopendeza baraza. Mazoezi ya watoto ningemwachia ticha, siku ya mechi winga asimame kando ya mstari, na pesa ya jezi mpya mwaka huu iwalipie wote wawili kozi ya leseni ya ukocha ya D ya CAF, Shirikisho la Soka la Afrika.