Acheni kufungua mashine nzima

Kuna kitu kimenikaa moyoni muda mrefu, wacha nikitoe leo. Karibu kila sehemu niliyofanya kazi ya ufundi, bosi akishachoka na mashine kuzima hovyo anasema sasa tunataka programu ya matengenezo, sawa, alafu kinacholetwa ni kalenda. Kila miezi 3 fungua pampu, kila miezi 6 badilisha beringi (ile ringi yenye gololi ndani inayofanya mhimili uzunguke laini), kila mwaka shusha mota. Inabandikwa ukutani na rangi zake, na baada ya muda mashine zinazima vilevile, saa zingine zinazima kuliko zamani. Mi naona tunakosea pale mwanzo kabisa, tunaamini mashine inakufa kwa uzee.

Watu wa ndege walishalichimba hili swala zamani. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa United Airlines walitoa ripoti kuhusu namna vipuri vya ndege vinavyoharibika, na wakaonyesha kwamba ni kama 11% tu ya vipuri ndo vinachoka kadiri masaa yanavyoongezeka. Hiyo 89% iliyobaki hata ukiibadilisha kwa kuhesabu masaa huambulii kitu. Na kundi kubwa kuliko yote, 68%, hatari yake ipo mwanzoni, pale kipuri ndo kwanza kimefungwa, kikishavuka hapo kinatulia. Najua kiwanda sio ndege, pampu inayosukuma maji yenye mchanga inalika kweli na ina umri wake unaoweza kuuhesabu, lakini wazo lenyewe limesimama.

Na hata kabla yao, kwenye Vita vya Pili vya Dunia, kuna mwanabiolojia wa Uingereza anaitwa C. H. Waddington alikuwa na wenzake wanafanya utafiti kwa ajili ya ndege za jeshi zilizokuwa zinasaka nyambizi. Wakaona hitilafu zinapanda mara tu baada ya ile sevisi ya kila masaa 50, alafu zinashuka taratibu mpaka sevisi nyingine. Yaani sevisi yenyewe ilikuwa inazaa ubovu.

Fundi yeyote mkweli analijua hili. Chukua beringi mpya, unataka kuiingiza kwenye shafti, yaani mhimili unaozunguka, huna kifaa chake, unachukua nyundo unagonga ringi ya nje. Nguvu yote inapita kwenye gololi, na kila gololi inaacha kidonda kidogo kwenye njia yake, kidogo kiasi kwamba jicho halikioni. Unafunga, unawasha, inazunguka vizuri, unasaini kazi imeisha. Wiki kadhaa baadaye inaanza kulia na watu wanasema spea za siku hizi feki! Hapo sijagusa kaplingi (kile kiungo cha mota na mashine) iliyorudishwa bila kunyooshwa na mota, wala vumbi lililoingia wakati kifuniko kiko wazi.

Grisi ndo inaniuma zaidi kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Fundi anapiga mpaka inatoka pembeni, anaona ameipenda mashine, kumbe beringi iliyojaa grisi inaikoroga hiyo grisi na inapata moto, na grisi ikishapita kama nyuzi 70 za Selsiasi, kila nyuzi 15 zinazoongezeka zinakata umri wake nusu. Au anapiga grisi yoyote aliyoikuta stoo juu ya ile ya zamani, bila kujua kuna aina ambazo zikichanganyika zinakuwa majimaji na kukimbia. Kibandiko kimoja kwenye mota, kimeandikwa grisi aina gani na mipigo mingapi, kingeokoa beringi nyingi sana.

Sasa kama sio kufungua fungua, tufanye nini? Tusikilize. Mashine nyingi haifi ghafla, inatoa dalili, na kati ya dalili ya kwanza na kuzima kuna muda, huo muda ndo mali yetu. Beringi inaanza na mlio ambao sikio halisikii ila kifaa kinasikia, unafuata mtetemo unaopimika, alafu kelele, alafu joto, mwisho moshi. Kama kwa kifaa chako dalili inatokea wiki 6 kabla ya kufa, pima kila wiki 3 au chini ya hapo, ukipima kila baada ya miezi 3 ni bahati nasibu tu. Na usianze na mashine zote, anza na zile ambazo zikisimama kazi yote inasimama.

Kuna opereta mmoja wa feni kubwa ya kuvuta hewa alinifuata asubuhi akaniambia, "Fundi, hii feni leo siielewi." Haikuwa na joto, haikuwa na kelele ya maana. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, nikasikia kwa mbali kama kiatu kinakanyaga mchanga. Tukaagiza beringi siku hiyohiyo, tukapanga kazi siku ambayo uzalishaji haupo, asubuhi moja ikatosha. Mara ya nyuma feni ileile ilikatikia usiku, beringi ikala shafti, tukakaa siku mbili tunahangaika, na waliokesha pale kazini wakashukuriwa mbele ya watu. Huyu opereta aliyezuia hakuna aliyemtaja, na hili ndo linaua programu kuliko ukosefu wa vifaa, mtu anaripoti, karatasi inapotea, hapewi jibu, mara ya tatu anakaa kimya.

Nilimpelekea ile beringi ya zamani tuliyoitoa. Nikaipasua ringi mbele yake nikamwonyesha ndani, palikuwa na kipande cha chuma kimebanduka kwenye njia ya gololi, kidogo kama punje ya mchele. Akaishika muda mrefu, akaigeuza geuza. Hazikupita siku nyingi akaja tena, safari hii ni pampu ya jirani yake ambayo hata sio ya kwake, akasema, "Fundi, njoo usikie na hii."