Mkulima wa Uluguru msimsemee kwa picha za Catskill

Kila ikifika Novemba, Watanzania tunaoishi New York huanza kurushiana picha za milima ya Catskill, iliyo kaskazini mwa jiji, na chini ya picha maneno ni yale yale: "Wenzetu wanajua kutunza misitu, sisi Uluguru tumeimaliza kwa jembe." Mimi ni mtu wa Morogoro, kwenye milima hiyo ya Uluguru. Catskill naipanda sana, tena kwa kuacha njia na kupenya msituni kwa dira hadi kileleni, na maneno hayo siyakubali hata kidogo.

Ukifuata njia zenye alama mitini, utaona miti na vijito basi. Ziache wakati huu, majani yameshapukutika na mimea inayowasha imekufa kwa baridi, uone msitu unavyofunuka. Kwenye miteremko ya chini unakuta ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono, umenyooka katikati ya miti mikubwa bila kuzunguka chochote. Mbele kidogo kuna shimo la msingi wa nyumba, na pengine mtofaa uliozeeka ambao hakuna aupogoaye. Hapo palikuwa shamba la mtu.

Karne ya 19 milima hii ilichunwa hasa. Wenye viwanda vya ngozi walibandua magome ya miti kwa ajili ya kulainishia ngozi, magogo wakayaacha yaoze. Jimbo la New York lilianza kuhifadhi ardhi hiyo 1885, na katiba ya 1894 ikatamka kuwa ibaki msitu daima. Kisha jiji la New York likataka maji. Kwa ajili ya bwawa la Ashokan humo milimani, lililoanza kupeleka maji jijini 1915, vijiji vilihamishwa na hata makaburi yakafukuliwa. Huo ndio utunzaji tunaousifia: watu waliondolewa.

Sisemi kwamba hawana la kutufundisha. Hakuna geti wala kiingilio, na kibali cha kupanda hutafuti. Ardhi ya umma unaikatiza utakavyo. Sisi wenyeji wa Morogoro, kuingia msitu wa hifadhi hadi kilele cha Lupanga tunafuatilia kibali kama wageni. Hilo linaniudhi, nalo lingerekebishika kwa barua moja tu ya wizara.

Lakini uhuru wa huku ni wa upweke. Juu kabisa misonobari imebanana, matawi yanakuchuna uso, na barafu imejificha chini ya majani makavu. Saa kumi na nusu jua linazama. Msimu wa kuwinda kulungu unavaa rangi ya machungwa usije ukadhaniwa mnyama, na kupe nao hawajaenda likizo. Ukifika kileleni, mandhari hakuna. Kwenye baadhi ya vilele kuna kopo lililofungwa mtini, ndani yake daftari. Unaandika jina, unageuka. Ukipotea huna wa kumuuliza. Uluguru hujamaliza kona mbili kabla hujampa shikamoo mama aliyebeba kuni, naye atakuuliza wewe ni wa nani kabla ya kukuonyesha njia.

Mama huyo analima juu ya chanzo cha Ruvu, mto unaonywesha Dar es Salaam. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta, na 1955 wakagoma mpaka damu ikamwagika. Leo tunamlaumu tena, safari hii kwa Kiswahili. Jiji la New York, kwa upande wake, limetia mkono mfukoni: limenunua ardhi milimani kwa waliokubali kuuza, na linagharamia wafugaji wa Catskill ili samadi isiingie mitoni. Hawakuishia kuwahubiria.

Kwa hiyo wewe unayetuma picha kutoka Bronx, na wewe wa Kinondoni unayempigia makofi, nijibuni: bili yenu ya maji mko tayari iongezeke shilingi ngapi ili mkulima wa Mgeta, kule Uluguru, aache mteremko wake upate miti?